Kamati ya Mtihani Wangu

Nilirudi nyumbani Kiganjo, Thika, kutafuta kimya. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba sikuomba hata moja kati ya mambo yaliyofuata.

Nilikuwa na mtihani mmoja wa marudio, ule ambao wanafunzi tunauita sapu. Somo lilikuwa mikrobiolojia ya chakula. Nilikuwa nimeanguka somo hilo mwezi wa nne, na sheria ya chuo chetu kule Ruiru haina maneno mengi: ukianguka sapu ya somo kuu, unatolewa kwenye kozi. Huambiwi urudie mwaka, wala hupewi nafasi ya kuandika barua ya kujieleza. Miaka miwili ya diploma ya teknolojia ya chakula ingeishia kwenye karatasi moja ya mtihani, na mimi ningerudi Kiganjo kuuza mitumba na mama.

Ruiru nilikuwa naishi chumba kimoja cha bedsita na Kivuva, kijana wa Machakos tunayesoma naye darasa moja. Upande wa kushoto kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, na upande wa kulia jirani aliyenunua spika kubwa kuliko kitanda chake. Lakini nikisema ukweli, hao hawakunikera kama Kivuva. Kivuva alikuwa na tabia moja ya kuudhi sana. Akitoka darasani, kabla hata hajala, alikaa kitandani, akafunga vitabu vyote, akachukua kipande chochote cha karatasi na kuandika alichokumbuka. Halafu alifungua kitabu kuona alichosahau, akajisonya, akaichana ile karatasi na kwenda kucheza pool. Kila siku, kama mtu anayepiga mswaki. Ikifika wiki ya mitihani, sisi wengine macho yamewiva, yeye analala saa nne.

"Buda, ni kidogo kidogo tu," alikuwa akiniambia.

Mimi njia yangu ilikuwa nyingine. Nilisubiri mtihani ukaribie, ndipo damu ichemke. Nilisoma sura nzima nikiipaka kalamu ya manjano, mpaka kitabu changu kikawa cha manjano kuliko nanasi la Thika. Halafu nilichukua yale muhimu nikayatungia shairi. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole, na hakuna mtu chuoni anayeweza kunikuta na ubeti wenye kina kilichopinda. Niliamini kwamba jambo likishaingia katika ubeti, limeingia kichwani. Wanaosahihisha mtihani hawakuamini hivyo, lakini nilidhani hilo lilikuwa tatizo lao.

Basi wiki mbili kabla ya sapu nikafunga begi, nikamwachia Kivuva fundi na spika, nikaenda kwa mama.

Nilipofika getini nikaona viti vya plastiki vimepangwa uani, vile vya kukodi, vyenye jina la kanisa mgongoni.

"Mami," nikasema, "kuna matanga?"

Mama yangu, Wangechi, alikuwa ameinama juu ya sufuria ya chai ambayo ingetosha kituo cha polisi. "Matanga ya nani? Ushindwe. Ni watu wachache tu wa kukuombea."

"Nimekuja kusoma."

"Sasa mtu anaweza kusoma bila kuombewa? Ile ya kwanza hukuombewa, ukaona. Shika hii mwiko."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wetu. Kwetu hakuna jambo zito linalofanyika bila kamati. Mtu akioa, kuna kamati. Akifa, kuna kamati. Akilazwa, akipata viza, akikosa viza, kuna mwenyekiti na katibu na kikundi cha WhatsApp. Mama yangu hajawahi kuona jambo likifaulu bila mwenyekiti. Kwa hiyo aliposikia kwamba mwanawe anaweza kufukuzwa chuoni, alifanya alichojua. Aliunda kamati ya mtihani wangu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Githae, aliyestaafu kutoka kiwanda cha nguo na tangu hapo hajakosa mkutano. Ameongoza kamati za harusi nyingi Kiganjo, zikiwemo za ndoa zilizokwisha kuvunjika, na bado anazitaja kama ushindi. Katibu alikuwa Maggie, mwenye saluni inayotazamana na geti letu, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kukata nywele bila mkasi. Kikundi cha WhatsApp kiliitwa GATHOGO LAZIMA APITE. Picha yake ilikuwa mimi, kidato cha nne, kichwa kimenyolewa, nimefumba jicho moja.

Mpango wangu siku hiyo ulikuwa kusoma sura ya kwanza. Kufikia saa kumi na moja jioni nilikuwa nimebeba viti, nimekata kabichi, nimeenda dukani mara tatu kwa sababu mama hukumbuka vitu kimoja kimoja. Kitabu kilikuwa ndani ya begi na begi lilikuwa chini ya makoti ya wageni.

Na ushauri. Kila aliyeingia alikuwa na ushauri. Mmoja aliniambia nisome miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie. Mwingine akasema nile vichwa vya samaki. Mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni na kunionya nisioge asubuhi ya mtihani, nisije nikaosha niliyosoma. Mzee Githae akasimama na kusimulia alivyosoma akitumia mwanga wa moto, akiwa na njaa, baada ya kukamua ng'ombe, hadithi ambayo ilichukua muda ambao ningeweza kusoma sura mbili.

"Sisi tulikuwa hatuna kitu," akamaliza, "na tulipita."

"Ulifika darasa la ngapi, Mwenyekiti?" Maggie akauliza huku akiandika.

"Hiyo si ajenda."

Waliomba. Waliomba kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, na mama akalia kidogo, na mimi nikajiona mbaya kwa kutazama saa. Halafu, kama desturi ilivyo, mwenyekiti akasema mwanafunzi asimame asalimie watu.

Nilisimama nikiwa nimekasirika. Kusema asante tu hakukunitosha. Nilitaka wajue kwamba hawajaketi kumwombea mtu mjinga. Nikawaambia kwamba nasomea viumbe wadogo wanaoharibu chakula, na kwamba wakiingia kwenye chakula wanapitia hatua nne, na hatua hizo nimezitungia ubeti. Nikaukariri:

*Kwanza hutulia jama, mahali wakizoea,*
*Pili huzaana hima, wingi wao huenea,*
*Tatu chakula hukoma, idadi ikangojea,*
*Nne huanza kuzama, mwisho wakateketea.*

Walipiga makofi mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mama wa kwaya akasema, "Haiya, kumbe huyu ni mwalimu." Nilikaa nikijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nishuke stendi.

Maggie hakupiga makofi. Alikuwa bado na kalamu mkononi.

"Gathogo, hiyo ya kwanza," akasema. "Wanatulia kwa nini?"

"Wanazoea mahali."

"Wanazoea nini mahali?"

"Mazingira."

"Sawa. Lakini wameletewa chakula, si wale? Mimi nikiletewa chakula sitazoea, nitakula."

Watu wakacheka. Nikasema kwamba hiyo ni hatua ya kitaalamu, ina jina lake la Kiingereza, na nikalitaja.

"Sijauliza jina," Maggie akasema. "Nimeuliza kwa nini."

Nilikuwa na mizani kumi na sita za mstari ule, kina cha kati na kina cha mwisho, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Mwezi wa nne swali lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo: eleza kwa nini. Na mimi nilikuwa nimetaja hatua zote nne kwa mpangilio na kupewa alama mbili.

"Nitawaambia," nikasema.

"Lini?"

Hapo Mzee Githae akapata kazi. Akagonga meza na kusema kwamba suala limejitokeza na haliwezi kuachwa likining'inia. Akapendekeza mwanafunzi apewe mpaka kesho jioni alete jibu. Maggie akaongezea kwamba asilete jibu hilo tu, kila jioni alete mada moja aieleze mbele ya kamati, bila kitabu, kwa lugha ambayo kila mtu hapa anaelewa, mpaka siku ya mtihani.

"Nani anaunga mkono?" Githae akauliza.

Mikono ikapanda yote. Wa mama yangu ulipanda kwanza.

"Mimi sijaunga mkono," nikasema.

"Wewe si mwanachama," mwenyekiti akanijibu. "Wewe ndiye ajenda."

Asubuhi yake nilifungua kitabu nikiwa na hasira. Ukurasa ule ulikuwa wa manjano juu mpaka chini, na jibu la Maggie lilikuwa kwenye sentensi mbili ambazo sikuzipaka rangi, kwa sababu hazikuwa na neno gumu. Kiumbe kikiingia kwenye chakula kigeni hakina vifaa vya kukimeng'enya. Lazima kwanza kivitengeneze. Hakijatulia hata kidogo, ila kazi yake yote iko ndani, na kuzaana kunasubiri.

Jioni nikaja na maneno ya kitabu, vimeng'enya na kadhalika. Maggie akanitazama tu. Nikayatupa yale maneno.

"Chukulia umehamia saluni mpya," nikamwambia. "Wateja wako nje, wamejaa. Lakini maboksi hujafungua, kioo hakijatundikwa, draya haijaunganishwa. Mtu akipita nje ataona hakuna kazi inaendelea. Lakini wewe ndani unatoka jasho."

"Sasa hiyo naelewa," akasema. Akafikiri kidogo. "Na stima ikipotea hiyo siku, nitakaa na maboksi mpaka kesho."

"Ndiyo maana..." nikaanza, lakini sikumaliza.

Kwa sababu hapo ndipo nilipoona kwa nini tunaweka chakula kwenye baridi. Baridi haiwaui hao viumbe. Inawachelewesha wakiwa bado na maboksi. Friji ilikuwa sura ya saba, hatua nne zilikuwa sura ya pili, na katika miaka miwili sikuwahi kuzikutanisha. Sikumpa Maggie sifa hiyo. Nilisema, "Ndiyo maana tunatumia friji," kwa sauti ya mtu aliyejua siku zote, na mama yangu akatikisa kichwa kwa fahari.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi nilisoma kipande kimoja, sura nzima nisiiguse, kwa sababu nilijua kamati haitanivumilia na sura nzima. Mchana nilifunga kitabu na kuueleza ukuta wa jikoni. Niliposhindwa, nilirudi kusoma pale tu niliposhindwa. Jioni nilikwenda uani kuchinjwa. Na asubuhi iliyofuata nilianza na maswali yaliyonishinda jana. Siku ya nne nikatambua kwamba hiki kilikuwa kile kikaratasi cha Kivuva, ila kwa kelele, chai na mwenyekiti. Jambo hilo liliniudhi kiasi kwamba sikumwambia mtu.

Msidhani ilikuwa raha. Walichelewa. Waliitana kwenye simu nikiwa katikati ya sentensi. Ombi la kufungua la Mzee Githae lilitembelea nchi nyingi. Siku niliyoeleza kwamba maziwa ya mala huganda kwa sababu ya bakteria, mwenyekiti, ambaye alikuwa amekunywa mala mchana, alikataa katakata.

"Hiyo ni uchafu unaongelea. Mala ni maziwa."

"Mzee, bakteria wengine ni wazuri."

"Hao wazuri wamejulishwa kwamba ni wazuri?"

Akaamuru neno bakteria liondolewe kwenye kumbukumbu za siku hiyo. Maggie akaliandika mara mbili.

Wiki ya kwanza ilipoisha nilikuwa nimechoka kuwa ajenda. Nikamwambia mama kwamba chuoni kuna darasa la marudio, nikapanda gari kurudi Ruiru. Darasa halikuwepo. Nilitaka tu siku tano za kusoma kama binadamu.

Kivuva alikuwa mlangoni akifua viatu.

"Niaje, ajenda," akasema.

Nikaweka begi chini. "Nani amekuambia hivyo?"

"Mama yako aliniongeza kwa grupu jana. Mimi ndiye mjumbe wa tawi la Ruiru."

"Na ukakubali?"

"Nilipigiwa kura, buda. Hakuna aliyepinga."

Agizo lilikuwa wazi. Kila siku saa kumi na mbili jioni nitume ujumbe wa sauti nikieleza mada ya siku. Maggie angeuweka kwenye spika ya saluni, na wateja waliokuwa chini ya draya wangeusikiliza. Sasa hata watu nisiowajua, wenye vichwa vya moto na magazeti mapajani, walikuwa wakinisahihisha. Mmoja aliuliza kwa nini maharagwe yaliyochemshwa vizuri yanachacha kesho yake yakiachwa kwenye sufuria. Nilieleza kwamba kuna bakteria wanaojifunga ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, maji ya kuchemka hayawaui, na chakula kikipoa polepole wanatoka kwenye ganda na kuanza kula. Akajibu kwa sauti kwamba maharagwe ya mama yake hayakuwahi kuchacha, na pengine tatizo ni huyo anayefundisha.

Hapo nikalipuka. Nilibonyeza simu nikasema yote. Nilisema mimi si mtoto wa darasa la tatu, kwamba hakuna mtu duniani aliyefaulu mtihani kwa kuhojiwa na saluni, kwamba mwenyekiti hajui tofauti ya bakteria na ugali, kwamba mama angenipa mlango wa kufunga na kimya cha siku tatu ningekuwa nimemaliza, na kwamba kuanzia sasa waniache. Nikatuma. Majina ya waliosikiliza yakaongezeka moja moja, mpaka alama mbili zikawa za buluu: wote walikuwa wamesikiliza.

Kikundi ambacho hakikuwa kimenyamaza hata wakati wa misa kilinyamaza.

Kivuva alisikiliza ujumbe wangu kwenye simu yake akiwa kitandani. "Hiyo ya ugali ilikuwa kali," akasema. Kisha akachukua kijiti chake cha pool akatoka.

Kesho yake nilikuwa na kila kitu nilichoomba. Fundi wa mageti alikuwa amesafiri. Jirani hakuwepo. Nilikaa na sura ya vyakula vya makopo kuanzia asubuhi. Niliisoma, nikaipaka manjano, nikaisoma tena. Ilionekana rahisi. Kila sentensi niliyoiona nilikuwa kama naijua tangu utotoni. Mchana nikafunga kitabu nijaribu kuueleza ukuta wa Ruiru kwa nini kopo hupashwa moto kupita kiwango cha maji kuchemka, na kwa nini nyanya hazihitaji moto mwingi kama nyama.

Nilisema sentensi moja. Ya pili haikuja.

Nikafungua kitabu, nikaona, nikasema naam, najua. Nikafunga. Haikuja. Nikakaa na ukuta ule na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Nilijiona nikisimama stendi ya Thika na gunia la mitumba, na Kivuva akipita na koti jeupe la maabara. Na nikajua ni kitu gani kilikuwa kimekosekana. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa akinisubiri, kwa hiyo sikuwa nimewahi kulazimika kujua.

Kuomba msamaha ni kazi ambayo sijaizoea, na siku ile sikuifanya. Nilirudia mada kipande kwa kipande, nikijiuliza maswali kwa sauti ya Maggie, na hata nilimwiga. Spora wanashindwa na moto mkali. Lakini chakula chenye uchachu, kama nyanya, chenyewe kinawazuia wasiamke, kwa hiyo moto mdogo unatosha. Nyama haina uchachu, haiwezi kujitetea. Nilipoweza kuyasema hayo mara mbili bila kitabu nikachukua simu na kutuma ujumbe wa sauti, nikianza na "Mada ya leo ni makopo," kama vile jana haikuwepo.

Nikaona mtu anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Umechelewa," Maggie akaandika. "Swali la kwanza. Kopo la nyanya likivimba ina maana gani?"

Mama akatuma mikono ya maombi, safu tatu. Mwenyekiti akatuma ujumbe mrefu akieleza kwamba kwa mujibu wa taratibu, maneno ya jana kuhusu ugali yatajadiliwa baada ya mtihani.

Siku ya mtihani sitaisimulia sana. Nilioga. Karatasi ilikuwa na maswali matano, na manne yalianza na eleza. Niliandika kama mtu anayejibizana, nikisikia kabla ya kila aya mtu akiniambia sijauliza jina. Swali la tano lilihusu kupima maji ya kiwandani kama yana uchafu wa choo. Mada hiyo tulikuwa tumeipangia jioni moja kule Kiganjo, lakini jioni hiyo kamati iliingia kwenye mabishano ya harusi ya mpwa wa Githae, na kikao kikavunjika kabla sijasema neno. Nilijibu nusu ukurasa. Ukiisoma karatasi yangu unaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kamati haikukaa.

Matokeo yalitoka kwenye tovuti ya chuo baada ya wiki kadhaa. Sitini na moja. Nilipita. Kivuva alinipa mkono na kusema, "Tawi la Ruiru linajivunia," nikamwambia anyamaze.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kuvunja kamati. Nilikuwa nimetunga beti sita za kuaga, kwa heshima, nikimtaja kila mtu kwa jina, hata mwenyekiti. Viti vilikuwa vimepangwa. Mama alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia mbele za watu, kisha akanipeleka mbele.

"Kabla ya hayo mashairi," Mzee Githae akasema, "ajenda ya kwanza ni ripoti."

"Nimepita," nikasema. "Sitini na moja."

Makofi, vigelegele, kuku. Maggie alikuwa akiandika.

"Sitini na moja juu ya mia," akasema. "Thelathini na tisa zimeenda wapi?"

Nilimtazama. Nilitazama karatasi yangu ya beti sita. "Maggie, nimepita."

"Nimesikia. Nimeuliza zimeenda wapi."

"Nyingi zimeenda kwa maji. Kuna swali la kupima kama maji yana uchafu wa choo, sikulijua vizuri. Mnakumbuka ile jioni mlikuwa mnagombana juu ya keki ya harusi? Hiyo ndiyo ilikuwa mada."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akakohoa. "Kamati inapokea lawama," akasema. "Basi tuelezee sasa."

"Mtihani umekwisha, Mzee."

"Umekwisha kwako," mama yangu akasema. Alikuwa ameketi mstari wa mbele na kikombe mkononi, na hakuwa akitania. "Mwaka ujao utakuwa kiwandani, na hayo maji watu watakunywa. Kama hujui kama yako na choo, wataambiwa na nani?"

Nilisimama pale na beti zangu zenye vina vilivyonyooka, na niliona kwamba hata nikizikariri zote, hakuna hata mtu mmoja pale ambaye angejua maji yanapimwa vipi, kuanzia kwangu.

Nikatoka nyuma ya nyumba, karibu na tangi, nikampigia Kivuva simu. Kitabu nilikuwa nimekiacha Ruiru, nikiamini nimemalizana nacho.

"Nipigie picha kurasa za kupima maji," nikamwambia. "Zote, mpaka ile jedwali."

"Buda, si umepita?"

"Nitumie tu. Na usicheke."

"Sicheki," akasema, nikamsikia akicheka.